Uzi maalum: Kina na mpangilio kwenye mandhari ya mkaa. Weusi ni akiba, usiumalize mapema

MchoraUpeo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna jambo linajirudia sana kwenye michoro ya mandhari inayochorwa kwa mkaa, na nimeona linastahili uzi wake. Unakuta mti wa mbele umechorwa vizuri, gome linaonekana, majani yana uhai. Mlima wa nyuma nao umechorwa kwa bidii ileile, kila korongo na kila mwamba. Lakini ukirudi hatua tatu nyuma ukautazama mchoro mzima, mti na mlima vimebandikwa kwenye ukuta mmoja. Hakuna hewa kati yao, na jicho linakosa pa kupita kuingia ndani.

Mara nyingi kosa haliko kwenye mkono. Liko kwenye matumizi ya weusi. Mkaa unatoa weusi mwingi kwa urahisi, na mchoraji anajikuta ameutumia wote kila mahali: kwenye shina la mbele, kwenye kivuli cha mlima, kwenye tumbo la wingu. Ukishaumaliza weusi wako kule nyuma, hubaki na kitu cha kuleta mbele. Hoja yangu kwenye uzi huu ni kwamba kina hujengwa kwa kuupangia weusi bajeti kabla ya kuchora, na mpangilio wa mchoro ni namna ya kuigawa bajeti hiyo. Anatomia ya mti, umbo la jani, yote hayo yanaweza kusubiri.

Nianze na hewa, maana ndiyo inayotuamulia mengi.

Kati yako na mlima kuna hewa yenye unyevu, vumbi na moshi. Mwanga ukipita humo hutawanyika, na sehemu ya mwanga huo uliotawanyika huingia jichoni mwako kama utando uliotandazwa juu ya kila kilicho mbali. Umbali ukiongezeka, utando unakuwa mzito zaidi. Matokeo yake ni mawili, ila wengi hushika moja tu. La kwanza wanalijua: kilicho cheusi hupauka. La pili husahaulika: kilicho cheupe nacho hufifia kidogo. Vyote viwili vinavutwa kuelekea toni moja, yaani kiwango kimoja cha weusi au weupe, ile ya anga karibu na upeo. Weusi hupauka upesi zaidi kuliko weupe unavyofifia, ndiyo sababu msitu wa mbali unaonekana wa kijivu hafifu wakati theluji ya kileleni bado inaonekana nyeupe.

Leonardo da Vinci aliyaeleza haya kwenye maandishi yake zaidi ya miaka 500 iliyopita, akiwashauri wachoraji wavipake vya mbali rangi ya buluu zaidi. Sisi wa mkaa hatuna buluu. Tuna toni na kingo basi, kwa hiyo inabidi hivyo viwili vifanye kazi yote.

Kwa vitendo, jiwekee ngazi ya toni tano. Ya 1 ni karatasi tupu, ya 5 ni weusi kamili. Milima ya mbali ipe hatua moja, au moja na nusu, mahali fulani karibu na 2. Tabaka la kati lichezee kuanzia 2 hadi 4. Tabaka la mbele peke yake ndilo lenye ruhusa ya kutumia ngazi yote, 1 mpaka 5. Tazama vizuri hapo: sijasema nyuma iwe nyeupe na mbele iwe nyeusi. Nimesema nyuma iwe na tofauti ndogo ndani yake, na mbele iwe na tofauti kubwa. Ukilishika hilo, nusu ya safari umeimaliza.

Kuna pia suala la pembe. Mchoraji John F. Carlson alilifundisha kwa namna ambayo bado sijaona iliyo rahisi kuipita. Katika mwanga wa kawaida wa mchana, anga ndicho chanzo cha mwanga, kwa hiyo ndilo lenye toni nyepesi kuliko vyote. Ardhi tambarare inapokea mwanga huo moja kwa moja kutoka juu, inashika nafasi ya pili. Miteremko inapokea kwa ubavu, ni ya tatu. Vitu vilivyosimama wima kama miti vinapokea kidogo kabisa, ndivyo vyenye giza zaidi. Makundi manne. Kabla hujaanza, jiulize kila eneo la mchoro liko kundi gani, halafu uhakikishe kundi moja halivamii toni za jirani yake. Mti wenye upande uliopigwa na jua bado uwe na giza kuliko uwanja uliopigwa na jua hilohilo.

Sasa kingo, ambazo kwangu mimi zina nguvu sawa na toni. Ukingo mkali huvuta kitu mbele, ukingo laini hukirudisha nyuma. Mlima wa mbali wenye toni sahihi kabisa bado utaruka mbele kama mstari wake wa juu umechorwa kwa ncha. Hapo ndipo penseli ya mkaa huwaponza watu, kwa sababu inawafanya waanze na mstari wa nje kisha wajaze ndani. Mlima hauna mstari wa nje. Una mahali toni yake inapokutana na toni ya anga. Laza kijiti cha mkaa ubavuni, buruta, na ukingo utajitokeza wenyewe.

Mpangilio nitausema kwa kifupi, tutauchambua zaidi kwenye maswali. Chora vijimchoro vidogo vya sentimita 5 kwa 7 kwa toni tatu tu: nyepesi, ya kati, nzito. Usiweke majani, usiweke mawe. Kama vipande hivyo vitatu havipendezi kwenye udogo huo, karatasi kubwa haitaviokoa. Toni moja itawale eneo kubwa, ya pili ichukue kiasi, ya tatu iwe kidogo. Zikigawana sawasawa, jicho halijui pa kwenda. Upeo usikate karatasi katikati isipokuwa una sababu. Chagua ni anga au ni ardhi yenye jambo la kusema, uipe nafasi. Na weusi wako mkali ukutane na weupe wako mkali mahali pamoja tu. Hapo ndipo mtazamaji atakapotua.

Karibuni kwa maswali, na wajuvi mnisaidie pale nilipopungukiwa.

Kivuli_Laini

Mkuu, asante kwa uzi, nimeweka kambi hapa.

Swali langu. Nina mchoro wa bonde lenye milima mitatu inayopishana. Nimefanya kama unavyosema, wa mwisho kabisa ni hafifu, wa kati umekolea kidogo, wa mbele umekolea zaidi. Bado vinaonekana kama karatasi tatu zilizokatwa kwa mkasi zikapangwa. Hatua zipo lakini hewa haipo. Nimeambatanisha picha.

MchoraUpeo

Dada Kivuli_Laini, nimeuona mchoro, na hatua zako za toni ziko vizuri. Kinachokosekana ni mabadiliko ndani ya kila mlima. Umejaza kila mmoja toni moja kuanzia kileleni hadi chini.

Ukungu na vumbi hukaa chini, kwenye mabonde. Kwa hiyo kwa kawaida kilele huonekana kimekolea kuliko mguu wa mlima huohuo. Fanya hivi: chukua kitambaa laini, anzia katikati ya mlima wa nyuma ufute kwa wepesi kushuka chini, mpaka mguu wake ukaribie toni ya anga. Usiguse kilele. Halafu nenda mlima wa kati ufanye vilevile. Sasa angalia kinachotokea pale vinapopishana. Kilele kilichokolea cha mlima wa kati kinakutana na mguu uliopauka wa mlima wa nyuma. Nafasi imefunguka hapo, na hujaongeza hata tone moja la weusi.

Wachoraji wa China walilijua hili mapema mno. Guo Xi, aliyechora kwa wino katika karne ya 11, alieleza namna tatu za kuonyesha umbali wa milima: kutazama juu kutoka chini, kutazama ndani kupita mlima mmoja hadi mwingine, na kutazama mbele kwa usawa. Alisema pia kuwa mlima ukitaka uonekane mrefu, usiuonyeshe wote, ufunge ukungu kiunoni. Kwenye kazi yake ya mwaka 1072 inayoonyesha mwanzo wa majira ya kuchipua, ukungu ndio unaotenganisha kila tabaka. Wino na mkaa ni ndugu, na somo hilo linahamia kwetu bila kubadilishwa.

Jambo la pili kwenye mchoro wako: vilele vyote vitatu viko katikati ya karatasi, kimoja juu ya kingine. Sogeza cha kati kulia, cha mbele kushoto, na usiache miteremko miwili ishuke kwa pembe ileile.

Mzee wa Karatasi

Kijana, umeeleza vema, lakini naona umeipa hewa sifa zote. Niongeze kitu, na kidogo nikupinge.

Kuna siku hewa ni safi kabisa baada ya mvua, mlima wa mbali unaonekana wazi kama uko jirani, na bado unajua uko mbali. Unajuaje? Kwa kupishana, kwa ukubwa na kwa mistari. Kitu kinachokifunika kingine kiko mbele, hata kama toni zao ni sawa. Miti ya aina moja ikipungua kimo, akili inasoma umbali. Mto ni mfano mzuri zaidi. Watu wanauchora kama unaonekana kutoka angani, mapinda yenye upana uleule hadi juu. Kwa mtu aliyesimama ardhini, mapinda ya mto yanabanana kadiri yanavyokwenda mbali, mpaka pinda la mwisho linakuwa mstari mmoja mwembamba uliolala. Mawingu nayo vivyo hivyo. Yaliyo juu ya kichwa ni makubwa na yana nafasi pana kati yao, yaliyo karibu na upeo ni membamba na yamesongamana. Mchoraji akilipuuza anga, anga linakuwa pazia lililoning'inizwa nyuma.

La kukupinga ni hili. Mbali si lazima pawe hafifu. Kukiwa na dhoruba, wingu zito linasimama nyuma ya bonde lenye jua. Nyuma kunakuwa kweusi, mbele kunang'aa, na kina kipo tele.

MchoraUpeo

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu mto na mawingu sina la kuongeza, umemaliza.

Kuhusu dhoruba uko sahihi kabisa, na nashukuru umeileta, kwa sababu mtu akishika tu kwamba mbali ni hafifu, siku ya mawingu atachora uongo. Ila tazama kwa makini giza la dhoruba. Ndani yake hakuna tofauti kubwa. Ni zito, lakini ni giza la aina moja kwa upana mkubwa, na kingo zake ni laini. Wakati huohuo uwanja wa mbele wenye jua una nyasi zinazong'aa na vivuli vyake vyeusi pembeni. Kwa hiyo bajeti bado inafanya kazi: nyuma tofauti ndogo, mbele tofauti kubwa. Kilichobadilika ni toni ambayo nyuma imeegemea. Mtu akitaka kuchora dhoruba, asilifikishe wingu kwenye 5. Alisimamishe kwenye 4, aitunze 5 kwa ajili ya vivuli vichache vya mbele.

Mzee wa Karatasi

Marahaba. Hapo tumeelewana.

TawiKavu

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye mkaa, nimetoka kwenye penseli za kawaida. Kuna aina ngapi, na ipi ya nini? Na je, kusugua kwa kidole ni vibaya? Kila mtu ana lake.

MchoraUpeo

Karibu sana.

Mkaa wa vijiti, ule unaotengenezwa kwa kuchoma vijiti vya mwerebi au mzabibu bila hewa ya kutosha, ni laini na unafutika kirahisi. Huo ndio wa kuanzia, na ndio wa tabaka la nyuma na la kati. Mkaa wa kushindiliwa ni unga uliochanganywa na gundi ukabanwa. Ni mweusi mno na haufutiki vizuri. Uweke mbali na mkono wako mpaka mwisho. Penseli ya mkaa ni ya vitu vichache vya mbele, matawi membamba na nyasi mbili tatu.

Raba ya kukanda ni chombo cha kuchorea kama kijiti chenyewe. Inafinyangwa ncha, inabonyezwa kuinua mkaa, haiachi makombo. Nyasi zenye mwanga, ukingo wa maji, mwale kati ya mawingu, vyote hutolewa nayo.

Kidole kina mafuta. Mafuta yakiingia kwenye karatasi, mkaa hapo unashikamana kwa madoa na raba haiuinui tena. Kwenye anga doa hilo litaonekana. Tumia kitambaa, brashi laini, au kijiti cha karatasi iliyosokotwa. Halafu usisugue kila kitu. Mkaa uliosuguliwa umejaza vibonde vidogo vya karatasi, unakuwa bapa na wa ukungu. Mkaa ulioachwa bila kusuguliwa umekaa juu ya vinundu vya karatasi, na weupe unapenya katikati yake. Kwa hiyo sugua nyuma, acha mbele na mkwaruzo wake. Tofauti hiyo ya ngozi ya mchoro peke yake inaleta umbali.

Ukitaka kuona nguvu ya karatasi isiyosuguliwa, tafuta michoro ya Georges Seurat, mchoraji wa Ufaransa, ya miaka ya 1880. Alitumia krayoni nyeusi ya Conté kwenye karatasi yenye mkwaruzo, karibu bila mistari. Maumbo yanatokea gizani kwa kukaza na kulegeza mkono tu.

MtoPinda

Mkuu, tuchoree moja kwa maneno, hatua kwa hatua. Nadharia imeeleweka, ila mtu akikaa mbele ya karatasi tupu hajui aanzie kona ipi.

MchoraUpeo

Sawa. Tuchukue karatasi ya A3 iliyolala. Mandhari: bonde, vilima viwili nyuma, mto katikati, mti mkubwa mmoja mbele upande wa kushoto. Mwanga unatoka kulia, juu kidogo. Upeo tuuweke chini ya katikati, kwenye theluthi ya chini, kwa sababu anga lina mawingu mazuri.

Siachi karatasi nyeupe. Nalaza kijiti laini ubavuni, napaka karatasi nzima kwa wepesi, kisha napangusa kwa kitambaa mpaka ibaki kijivu sawa, toni ya 2. Faida yake ni kwamba sasa naweza kwenda pande zote mbili, kuongeza giza kwa mkaa au kuleta mwanga kwa raba. Na siogopi tena karatasi.

Naanza na anga. Kwa kitambaa safi napangusa zaidi sehemu ya chini, karibu na upeo, kwa kuwa anga huwa na mwanga zaidi huko kuliko juu. Mawingu nayainua kwa raba, upande wa kulia kwa kubonyeza, upande wa kushoto nauacha. Matumbo ya mawingu yako bapa na yanazidi kuwa membamba kuelekea upeo, kama alivyosema mzee.

Kilima cha mbali ni mpigo mmoja wa kijiti kilicholazwa. Nasubiri nione kama kinatofautiana na anga. Kikitofautiana kidogo tu, basi kimetosha. Hapa mkono unawasha kutaka kuongeza, na ndipo pa kujizuia. Napitisha kitambaa kwenye mguu wake. Kilima cha pili, toni ya 3, nakipa mafungu machache ya miti, madoa tu, mengi zaidi upande wa kivuli. Mguu wake nao unapaushwa.

Mto nauinua kwa raba. Pinda la mbali ni mkwaruzo mmoja uliolala. La kati ni pana kidogo. La mbele linatoka kwenye karatasi upande wa chini kulia, na ukingo wake wa kulia nauacha upotee kwenye nyasi. Sitaki mto uwe barabara inayoanzia kona kamili ya karatasi, kona huvuta jicho nje.

Uwanja wa mbele naupitisha kwa mipigo inayolala, mirefu zaidi na yenye nafasi zaidi karibu nami. Chini kabisa ya karatasi napaacha pametulia, giza la wastani, bila maelezo. Watu wengi hujaza nyasi moja moja ukingoni mwa chini, na hapo wamejenga uzio. Mtazamaji anakwama mlangoni.

Mti unakuja mwisho. Kwanza umbo lake lote kwa mkaa laini, toni ya 4, kama wingu lisilo na jani. Natazama kama umbo hilo linapendeza likiwa tupu. Kisha matundu ya anga kati ya majani kwa ncha ya raba. Matundu hayo yasiwe na mwangaza kama anga lenyewe. Tundu dogo limezungukwa na vitawi visivyoonekana vinavyokula mwanga, kwa hiyo lifanye hatua kidogo chini. Usipofanya hivyo, matundu yatang'aa kama taa na kuja mbele ya mti.

Ndipo nachukua mkaa wa kushindiliwa, kwa mara ya kwanza. Upande wa kushoto wa shina, chini ya mizizi iliyoinuka, na chini ya fungu moja kubwa la majani. Sehemu tatu. Kulia mwa shina, nyuma yake, kuna pinda la mto linalong'aa. Weusi wangu mkali umekutana na weupe wangu mkali hapo, na sehemu nyingine zote za mchoro zinapaangalia hapo.

TawiKavu

Hii nimeinakili yote. Ninapochora kutoka kwenye picha ya simu, siioni hiyo ngazi ya toni. Vivuli vyote ni vyeusi tii na anga ni jeupe tupu.

MchoraUpeo

Kamera ndivyo inavyofanya. Haiwezi kubeba tofauti kubwa ya mwanga kama jicho, kwa hiyo inatoa kafara vivuli au anga. Simu nyingi zinaongeza ukali wa kingo kila mahali, hata milima ya mbali, na hapo hewa yote inaondolewa. Lenzi pana nayo inaupunguza mlima na kuukuza uwanja wa mbele. Tumia picha kwa maumbo, lakini toni zipange wewe mwenyewe kwa bajeti yako. Kila unapopata nafasi, kaa nje ufanye vijimchoro vya toni tatu ukiwa umefumba macho nusu. Ukifumba nusu, maelezo hupotea na makundi ya toni hubaki. Wachoraji wa Ulaya karne ya 18 walibeba kioo kidogo cheusi kilichobinuka kwa kazi hiyohiyo. Waliyapa mandhari mgongo, wakayatazama kiooni yakiwa yamepunguzwa toni na kukusanywa pamoja.

Kivuli_Laini

Mkuu, nimepausha miguu ya milima. Imefunguka kweli! Sasa nataka kuongeza ziwa dogo mbele. Uakisi wa miti majini niuchore sawa na miti yenyewe?

Mzee wa Karatasi

Binti, niruhusu nijibu hili. Vitu vyenye giza huakisiwa na giza pungufu kidogo, na vyenye mwanga huakisiwa vikiwa vimefifia kidogo. Uakisi hushuka wima moja kwa moja chini ya kitu, hata kama mwanga unatoka ubavuni. Usiuchanganye na kivuli, kivuli ndicho kinachofuata mwanga. Tena uakisi si nakala iliyopinduliwa. Maji yanakiona kitu kutoka chini, kwa hiyo yanaonyesha zaidi tumbo la tawi kuliko unavyoliona wewe, na kilima kilicho nyuma ya miti kinaweza kutoonekana majini kabisa.

Paka uakisi kwa mipigo ya wima, lainisha kwa kitambaa kwa wima vilevile, kisha kata kwa raba mstari mmoja au miwili iliyolala. Mistari hiyo ndiyo inayolaza maji. Ikizidi, ziwa linakuwa ngazi.

MchoraUpeo

Na maji yenyewe usiyape weupe kuliko anga linaloakisiwa. Hilo nililifanya kwenye mfano wangu kwa makusudi, pinda moja tu, kwa kuwa anga nyuma yake lilikuwa limeshushwa toni na jua linapiga maji kwa pembe. Kwa ziwa tulivu usifanye hivyo.

MtoPinda

La mwisho kwangu, wakuu. Kuna mchoraji mmoja mashuhuri wa Afrika Kusini anayechora kwa mkaa, na michoro yake inaonekana michafu, alama za kufuta zimeachwa. Hilo halivurugi kina?

MchoraUpeo

Bila shaka unamzungumzia William Kentridge. Huchora, hupiga picha, hufuta, huchora tena juu ya karatasi ileile, na filamu zake hutokana na hatua hizo. Mabaki ya kufuta ni sehemu ya kazi, yanabeba wakati uliopita. Ukitazama mandhari zake za pembezoni mwa Johannesburg utaona weusi umepangwa vizuri kabisa, uchafu huo umekaa kwenye toni za kati tu. Kina hakihitaji usafi. Kinahitaji toni isitoke kwenye tabaka lake.

TawiKavu

Na kushikisha? Mchoro wangu unatoka vumbi ukiguswa tu.

MchoraUpeo

Tumia fiksativu ya kupuliza, nje au penye hewa, umbali wa sentimita 30 hivi. Puliza tabaka jembamba, liache likauke, rudia. Ukiloweka mara moja, mkaa unaelea na kutengeneza madoa. Kabla ya kupuliza, simamisha ubao wima ugonge nyuma yake ili vumbi lililolegea lidondoke.

Jihadhari na jambo moja: fiksativu hukoleza toni kidogo, hasa kijivu hafifu. Kilima chako cha mbali kinaweza kusogea nusu hatua mbele baada ya kukauka. Kwa hiyo kiache hafifu kuliko unavyotaka kionekane, na jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile ulichokipaka toni zote tano. Weusi wa mwisho wa mbele uweke baada ya tabaka la kwanza la fiksativu kukauka. Unashika vizuri zaidi, na haupeperuki kwenda kuchafua anga.